SOMO: Kuonyesha filamu za nje na za watayarishaji huru kwenye mji wa vyuo (mfano: Morogoro)

Wadau, somo hili ni la yule anayetaka kuonyesha filamu ambazo hazifiki kibanda umiza: za Senegal, za Iran, za Brazil, na za vijana wetu wanaorekodi kwa fedha za kuungaunga. Mfano wangu ni Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kipo, Chuo Kikuu Mzumbe kipo, Chuo Kikuu cha Waislamu kipo, na wanafunzi wenye hamu ya kuona kitu tofauti hawakosekani.

Wengi huanza kwa kuhangaikia projekta. Hiyo ni kazi ndogo. Kinachomtoa mtu ukumbini kabla ya nusu saa ni kutofuata yanayosemwa, ndiyo maana hatua ya tatu nimeiandika ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Ruhusa

Akaunti ya Netflix ni ya kutazama nyumbani. Kuilipia kila mwezi hakukupi haki ya kujaza watu ukumbini. (Zipo filamu za matukio halisi wanazoruhusu kuonyeshwa kwa masomo bila kiingilio, na zinatajwa wazi hivyo.) Mwandikie mwenye filamu: ukumbi gani, viti vingapi, siku gani, kiingilio kipo au hakipo. Mtayarishaji huru mara nyingi hujibu mwenyewe, na wengi hufurahi kuulizwa. Taka jibu la maandishi. Kwa filamu za Kifaransa na Kijerumani, bisha hodi kwanza kwenye vituo vya utamaduni vya Alliance Française (Ufaransa) na Goethe-Institut (Ujerumani) pale Dar.

Kisha kuna Bodi ya Filamu. Maonyesho ya hadharani yapo chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na filamu hupangiwa daraja la umri. Kama unaonyeshea chuoni, ofisi ya mshauri wa wanafunzi nayo ijue mapema, isije ikasoma habari kwenye bango.

Hatua ya 2: Filamu

Anza na fupi. Borom Sarret ya Ousmane Sembène (1963) ni ya dakika 20 hivi, inamfuata mwendesha mkokoteni wa Dakar kwa siku moja. Bodaboda yeyote wa Msamvu ataielewa bila mhadhara. Baada ya hapo weka ya nyumbani, mfano Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi waliisoma kidato cha tano na sita. Watakuja hata kwa kutaka kubishana kipi bora, kitabu au filamu.

Hatua ya 3: Maandishi ya chini

Haya ni maneno ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Muombe mwenye filamu faili la maandishi la aina ya SRT (lina maneno pamoja na muda wa kila mstari kutokea), la Kiingereza au Kifaransa. Lifungue kwa programu ya bure iitwayo Subtitle Edit. Nyakati ziache zilivyo, badilisha maneno tu.

Kipimo kilichozoeleka ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42. Kiswahili kitakushinda hapo usipokata. "Mheshimiwa, naomba unisamehe sana kwa jambo hili" iwe "Nisamehe, mheshimiwa". Uso wa mwigizaji utamalizia yaliyobaki. Tafsiri ya mashine itumie kama rasimu tu, maana haijui nani ni mkubwa wa nani: itamfanya mjukuu amwambie bibi yake "habari yako", na ukumbi mzima utaangua kicheko mahali pa kulia. Mpe mtu mwingine asome, ambaye hajaiona filamu. Asipoelewa yeye, hataelewa mtu.

Unapohifadhi, chagua UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi kwenye kompyuta), lipe faili jina lile lile la filamu na uviweke kwenye folda moja. VLC, programu ya kuchezea filamu, italichukua yenyewe. Maandishi yakitangulia sauti au yakichelewa, kwenye Windows bonyeza H kuyachelewesha na G kuyawahisha.

Halafu jambo ambalo kumbi nyingi hulisahau: sakafu ikiwa bapa, vichwa vya walio mbele hufunika maandishi. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya mita moja na nusu. Pazia la kuonyeshea likigoma kupanda, ingia kwenye mipangilio ya maandishi ya VLC uyapandishe. Rangi ya njano yenye ukingo mweusi inasomeka hata kwenye picha ya mchana mweupe.

Hatua ya 4: Siku

Fungua ratiba ya ligi kabla ya kitu kingine chochote. Usishindane na Simba na Yanga. Jumanne na Jumatano za Ligi ya Mabingwa Ulaya nazo ziache. Anza saa mbili usiku, Magharibi na Isha zimeshapita, na chagua filamu isiyozidi dakika 100 ili watu wawahi daladala.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mzumbe: Mkuu, tuna projekta ya darasani ya lumeni 3000 (kipimo cha mwangaza). Inatosha?

Jibu: Inatosha kwa picha ya upana wa mita 3 hivi, taa zote zikiwa zimezimwa. Sauti ndiyo ya kuazima. Sauti ya spika za projekta haifiki hata mstari wa tatu wa viti.

Dada wa Kihonda: Kaka, kwa nini usiweke DJ atafsiri kama tulivyozoea? Mama yangu angependa kuja, ila macho yake hayawezi kukimbizana na maandishi.

Jibu: Dada, hoja yako ni nzito. Marehemu Lufufu, DJ wa kutafsiri filamu, alijaza vibanda kwa sauti yake, na kwa filamu za ngumi sina ubishi. Ila DJ huongea hata pale filamu imeamua kunyamaza, na hizi filamu hunyamaza sana. Njia ya kati ni filamu za kimya za zamani, kama The General ya Buster Keaton (1926). Hapo mpe DJ kipaza sauti, mama aje akae mbele.

Mdau wa Iringa: Tukitoza buku mbili mlangoni kuna shida?

Jibu: Shida ni kutoza bila kusema. Iandike kwenye barua ya kwanza kabisa. Wengine watataka mgao, wengine watakuambia lipia ukumbi tu. Mkubaliane kabla bango halijachapishwa.

Mdau wa Mazimbu: Umeme ukikatika katikati?

Jibu: Jenereta iwe nje, mbali, nyuma ya ukuta, na uiwashe kuijaribu mchana ule ule. Projekta inayotumia balbu ikizimika ghafla, mkuu, usiirudishe papo hapo. Iache ipoe dakika kadhaa, balbu yake ni ghali. Andika pembeni filamu ilikuwa imefika dakika ya ngapi.