Kusoma hori la Mtwapa na magofu ya Jumba la Mtwana

Hori ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu; hili la Mtwapa liko pwani ya Kenya, kaskazini mwa Mombasa. Nenda siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu: maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Fika mapema, maana yakianza kujaa matope ya mikokoni hukunasa miguu. Kila siku saa za kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50.

Anza kwa mimea. Mililana, aina mojawapo ya miti ya mikokoni, husimama upande wa maji mengi, mikoko yenye mizizi ya matao hufuata.

Kisha nenda ufukweni, kaskazini mwa mdomo wa hori. Hapo ndipo penye magofu ya mji wa Jumba la Mtwana. Mji ulijengwa karne ya 14, ukahamwa karne ya 15. Hapana bandari, vyombo vikubwa vilitia nanga horini au nje ya mwamba. Basi tafuta sababu nyingine ya mji kujengwa hapo: maji matamu, upepo, na ugumu wa kushambuliwa kutoka baharini.

Wengi hudhani kila jiwe la matumbawe ni ukuta. Chungulia kiungo: ukuta una chokaa kati ya mawe, na kona iliyonyooka. Vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo, usiviokote: kigae kikihamishwa, hakielezi tena kilitoka chumba gani.