Unasoma na unafanya kazi? Hivi ndivyo unavyodai kima cha chini cha mshahara

Shule zikifungwa, wanafunzi wengi huenda kukaa dukani, steshenari, saluni au kwenye vibanda vya miamala ya simu. Wengine huendelea hata shule zikifunguliwa, jioni na Jumamosi. Kinachoniumiza, kama msaidizi wa kisheria, ni kuona wengi wao wakilipwa kwa huruma ya bosi: leo elfu tano, kesho nauli, mwisho wa mwezi "tutaangalia". Lakini kima cha chini kimepangwa kwa sekta, si kwa umri. Hakuna kiwango cha mwanafunzi kilichowekwa chini ya kile cha mtu mzima.

Ninayoeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, na viwango vyake.

Hatua ya 1: Angalia kama kazi yenyewe inaruhusiwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Mtoto ya 2009 zinasema mamoja: umri wa chini ni miaka 14, na kazi iwe nyepesi, isiyodhuru afya wala kukukosesha masomo. Mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Migodini, kwenye baa na kubeba mizigo mizito pia ni marufuku. Ukiwa umeingizwa kwenye kazi ya namna hiyo, mwenye kosa ni aliyekuajiri, si wewe. Piga 116, Simu ya Mtoto, ni bure.

Hatua ya 2: Anza daftari siku ya kwanza

Hatua hii ndiyo inayoamua kesi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Chukua daftari dogo. Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kazi uliyofanya na fedha uliyopewa. Andika siku ileile, usisubiri wikiendi, kwa sababu kumbukumbu za kujaza kwa mkupuo hujulikana tu. Kama bosi anakuagiza kwa meseji ("njoo mapema kesho", "leo funga wewe"), usizifute. Malipo yakija kwa simu, tunza ujumbe wa muamala.

"Lakini sina mkataba." Nasikia neno hili kila mara. Kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, yakiwemo saa na mshahara, ni wajibu wa mwajiri. Akishindwa kuyaleta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoamua migogoro ya kazi, mzigo wa kuthibitisha masharti mliyokubaliana unamwangukia yeye.

Na akisema wewe si mfanyakazi, "ni kijana tu anasaidia"? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakuchukulia kuwa mfanyakazi ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa: yeye ndiye anayepanga saa zako, au anakupa vifaa vya kazi, au umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Basi ni juu yake kuonyesha kinyume chake. Hapo ndipo daftari linaposema.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa saa

Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara hutaja malipo ya mwezi, ya wiki, ya siku na ya saa. Wewe unayefanya kazi vipande vipande shika ya saa. Wiki ya kazi ni saa 45, ambayo kwa mwezi ni saa 195.

Tuchukue amri iliyoanza Januari 1, 2023. Sekta ya biashara na viwanda iliwekewa shilingi 150,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 195, unapata kama shilingi 769 kwa saa. Sasa mwanafunzi wa kidato cha tatu anakaa steshenari Jumatano saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, na Jumapili saa 7 mchana hadi saa 11 jioni. Ni saa 12 kwa wiki, saa 52 kwa mwezi. Mara 769, inakuja karibu shilingi 40,000. Akipewa 20,000 "ya daftari na kalamu", amepunjwa nusu.

Amri mpya imeanza Januari 1, 2026 na viwango vimepanda. Kwa saa ulizofanya tangu hapo, chukua jedwali jipya kwa Afisa Kazi, yaani ofisa wa serikali anayesimamia sheria za kazi, tafuta sekta yako, kisha fuata hesabu hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kagua makato

Glasi imevunjika, hesabu ya jioni imepungua, na mshahara wote unaondoka. Hairuhusiwi. Mwajiri hawezi kukukata kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa lako, akueleze kwa maandishi, na akupe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara.

Hatua ya 5: Zungumza kwanza

Nenda na mzazi au mlezi, saa ambayo hakuna wateja. Sema kwa adabu, na daftari liwe wazi: "Shikamoo mama. Nimeandika saa zangu za mwezi huu, ni 52. Kwa kiwango cha serikali ni shilingi kadhaa, na nimepokea 20,000. Naomba tuangalie pamoja." Usitishe, wala usitaje mahakama. Wenye maduka wengi hawajawahi kuliona jedwali hilo, na baadhi hulipa palepale.

Hatua ya 6: Akikataa, usilale

Mpelekee Afisa Kazi wa mkoa wako nakala ya daftari. Ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba 1. Huduma ni bure. Nakala moja mpe mwajiri kwanza, asaini kuwa ameipokea, ndipo uisajili. Mzazi au mlezi awe nawe hatua zote.

Madai ya mshahara yafunguliwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Ukiachishwa kwa sababu umedai, na umekwisha fanya kazi hapo zaidi ya miezi 6, muda wa kulalamikia kuachishwa huko ni siku 30 tu. Hesabu siku zote mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo.