Takwa, Siyu na Shanga: kupanga safari ya magofu ya Lamu kwa kufuata maji

Wageni wengi wakifika gatini Lamu huuliza kwanza bei ya boti. Anza na maji: leo yanajaa saa ngapi? Mji wenyewe, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, unatembeleka wakati wowote. Magofu ya visiwa jirani vya Manda na Pate ni habari nyingine. Yako mwisho wa vijito vya mikoko, na kijito kikikauka hata nahodha bingwa hana la kufanya.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila kukicha huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai vizuri wala hayapwi vizuri. Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Siku za bamvua, maji ya Lamu hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Maana yake saa nne na saa tano asubuhi, wakati ambao watu wamemaliza chai na wako tayari kwa safari, kijito ni tope tupu. Siku za maji mafu hujaa asubuhi hiyohiyo ya saa nne, lakini kina huenda kisitoshe boti nzito.

Siku nzuri zaidi ni zile mbili tatu kabla ya bamvua yenyewe, tarehe 11 hadi 13 au 26 hadi 28 za mwezi mwandamo. Maji huwa yamepata nguvu, na hujaa mchana, kati ya saa saba na saa tisa na nusu. Thibitisha kwa jedwali la maji, na ulisome kwa makini. Angalia limeandikwa kwa bandari gani. Angalia pia kama saa zake ni za Kenya au za kimataifa, maana hizo za kimataifa lazima uongeze saa tatu. Kisha kumbuka 14:20 ni saa nane na dakika 20. Tumeona kundi zima la wanafunzi likikosa safari kwa sababu mwalimu alisoma 14 akaandika saa nne.

Takwa iko kisiwa cha Manda, kwenye kijito kirefu kinachokaribia kukikata kisiwa vipande viwili. Kwa injini kutoka Lamu ni kama nusu saa. Kwa tanga ni saa nzima au zaidi, kutegemea upepo. Sheria ni moja: ingia maji yakijaa. Uwe mlangoni mwa kijito saa mbili kabla ya kujaa. Boti ikigusa mchanga wakati huo, subiri kidogo, maji yatainyanyua yenyewe, au nahodha ataisukuma kwa pondo. Ukigusa maji yakipwa, umepwelewa, na kupwelewa si jambo la nusu saa. Chombo kilichokwama saa moja baada ya maji kujaa kitakaa hapo muda wa saa kumi na zaidi, mpaka maji mengine yafike kimo kilekile. Kwa hiyo mpe nahodha saa ya kuondoka kabla hamjashuka, isipite saa moja baada ya maji kujaa, na yeye abaki na chombo. Mnapata karibu saa mbili na nusu nchi kavu, na Takwa inahitaji moja na nusu.

Hapo palikuwa mji uliostawi karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Anza msikitini. Tazama upande wa kibla: juu ya mihrabu imesimama nguzo ya mawe inayopita kimo cha ukuta, jambo ambalo hulioni kwenye misikiti mingi. Halafu zunguka nyumba na uhesabu milango: imeelekea kaskazini, kwani kibla cha huku ni kaskazini. Pima pia upana wa vyumba kwa hatua zako. Ni vyembamba, mita mbili na nusu au zaidi kidogo, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo bila kulemewa. Ukirudi mjini ingia nyumba ya kale ya Mkomani, mtaa wa zamani wa Lamu, upime msana wake, yaani ukumbi wa ndani. Utakuta kipimo ni kilekile. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya 1680. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, ambao husema asili yao ni Takwa, huja hapo kuomba mvua. Ukiwakuta, kaa mbali, usipige picha.

Usiegemee kuta wala kuzipanda. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Plasta ikibanduka, mvua huingia ndani na ukuta hufumuka wenyewe. Vigae vya vyungu viache vilipo. Kuviondoa ni kosa kisheria, na kigae kilichohama hakisemi tena ni cha tabaka gani.

Vaa viatu vya mpira vilivyofunga kisigino. Ndara hubaki topeni, na chaza kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Chukua maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu.

Siyu, kisiwani Pate, ni safari ya siku nzima. Njia ya ndani hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kisha kijito cha Siyu mpaka karibu na ngome. Vyote viwili vinataka maji, hivyo usipange kwenda na kurudi kwa maji mamoja. Njia ya salama ni kushukia Mtangawanda, kwenye kina, kisha pikipiki mpaka Siyu. Ngome ile ni ya karne ya 19, enzi ambazo Siyu iliwakatalia mara kadhaa masultani wa Zanzibar, hadi 1863. Ulizia mafundi wa ngozi, kazi iliyoupa mji huu jina.

Kutoka Siyu, Shanga ni mwendo wa saa moja kwa miguu; chukua mwenyeji, njia hupotea vichakani. Wachimbuaji wa miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8.

Wakati wa upepo wa kusi, Mei hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka, kwa hiyo nahodha akisema leo hatutoki, msimsukume. Na bei patana kwa safari nzima pamoja na saa za kusubiri, siyo kwa kwenda tu. Ukipatana nusu, mabishano yatakukuta Takwa, maji yakipwa.