Taa zikiwaka zote kwa mpigo, anza na umeme

Gari la zamani likikuwashia taa ya ABS (breki zisizofunga magurudumu), ya eabegi, ya injini na ya betri kwa pamoja, usikimbilie kununua sensa. Vitu vinne haviharibiki siku moja. Mara nyingi umeme ndio umepungua, na kila kompyuta ndani ya gari inalalamika kivyake.

Chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Washa injini: inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na ushee, oltaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) haichaji, au mkanda wake unateleza.

Chaji ikiwa sawa, geukia waya wa arthi, ule unaounganisha upande hasi wa betri na chuma cha gari, ambao mafundi wengi huusahau. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, kuna kutu mahali: fungua, piga msasa, kaza.

Na yule fundi anayechomoa betri injini ikiunguruma ili “kupima oltaneta”, mkataze. Umeme ukiruka, anaweza kukuunguzia kompyuta.

Taa nyekundu ya oili au ya joto haimo kwenye hesabu hii. Hiyo ikiwaka, egesha na uzime injini papo hapo.