Somo: Kumfundisha mtoto visukuku (mabaki na alama za viumbe wa kale mawenI), ukianzia ukuta wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Kila likizo ya skuli naulizwa lilelile: "Mwanangu anapenda dinosaria, nimpeleke wapi?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamuelekeza hapa.

Hatua ya 1. Anzia ukutani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Penye plasta iliyobanduka, mpe mtoto lenzi ya kukuzia atafute vijinyota, ndiyo visukuku vya matumbawe.

Hatua ya 2. Maji yakipwa, nendeni Kizimkazi au Makunduchi mkatazame majabali ya ufukweni. Viatu miguuni.

Hatua ya 3. Muulize, usimhubirie. Mpe kipande cha tumbawe kilichotupwa na bahari, akilinganishe na kilichoshikana na jabali. Kisha: "Hili limefikaje juu, na bahari iko chini?" Mwache abahatishe. Baadaye ndiyo umwambie kuwa yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na iliposhuka matumbawe yakabaki nchi kavu.

Hatua ya 4. Tengenezeni kisukuku cha kuigiza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, basi soma pole pole. Kanda udongo wa mfinyanzi, ukandamize gome la kombe lililopakwa mafuta ya nazi kidogo, kisha litoe. Hilo shimo ndilo alama. Chukua unga wa jipsamu (plasta ya Paris) vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Nyunyiza unga ndani ya maji, si maji ndani ya unga, utapata madonge. Koroga taratibu, ukipiga kwa nguvu unaingiza mapovu na mistari ya gome haitoki. Mimina mara moja, kwani huanza kuganda ndani ya dakika chache. Iache nusu saa au zaidi kabla ya kubandua udongo.
Tahadhari: jipsamu ikiganda hutoa joto kali. MTOTO ASITIE MKONO NDANI YAKE hata kwa kutaka alama ya kiganja. Watu wameungua hadi kupoteza vidole. Unga upimwe na mtu mzima, pua imefunikwa. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki, yatagandia bombani.

Hatua ya 5. Pigeni hatua 46 kubwa ufukweni, kila moja mita moja hivi. Kila hatua ni miaka milioni 100, zote ni umri wa dunia. Dinosaria wanatokea zikibaki hatua mbili na kidogo, na wanatoweka ikibaki theluthi mbili ya hatua ya mwisho. Nyayo za watu wa kale za Laetoli, miaka milioni 3.6, ziko karibu sentimita nne tu kutoka mwisho. Jabali la Kizimkazi ni milimita moja na kitu. Watoto hurudi wenyewe kuipima tena.

MASWALI

Baba wa mapacha, Mwanakwerekwe: Sasa dinosaria nitawaonesha wapi hapa Unguja?
— Huwaoneshi. Mawe haya ni machanga mno. Dinosaria wa Tanzania walichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mifupa mingi ikapelekwa Berlin.

Mgeni: Jipsamu sina, nitumie chokaa?
— Hapana. Chokaa inaunguza ngozi na macho. Soma tahadhari tena.

Mgeni: Kwani saruji?
— Nayo inaunguza. Hapana.

Mwalimu, Wete: Mwanafunzi wangu kauliza kwa nini Unguja paliwahi kuwa na punda milia, na kwetu Pemba hatusikii hayo. Nimekwama.
— Mwalimu, mpe huyo mtoto zawadi. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, imechimbwa mifupa ya punda milia na nyati. Miaka 20,000 hivi iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa barafu, bahari ikashuka mita 120 hivi. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, ukawa nchi kavu, wanyama wakatembea. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Mwambie achore ramani mbili, bahari ikiwa juu na ikiwa chini. Atajijibu.

Mama, Nungwi: Wavuvi wa huku husema kuna samaki wa zamani sana. Ni kweli?
— Kweli, bibie. Ni silakanti. Wataalamu walimjua kwa visukuku, wakadhani ametoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938. Mwaka 2007 wavuvi walimnasa mmoja kaskazini ya Unguja. Muulizie mzee wa pwani akusimulie mtoto akiwepo.

Mgeni: Naweza kuvunja jabali nichukue kipande?
— Usivunje. Okota kilichotupwa na bahari, na kombe lenye mnyama ndani liache. Pangoni usiguse kitu, hayo ni mambo ya kale ya nchi.

Mama, Chake: Mafuta ya nazi yamenigandia kwenye gome, asubuhi ilikuwa baridi.
— Tumia sabuni ya maji, tone moja, ulipake kwa brashi. Inatoka vizuri zaidi.