Namna ya Kubaini kwa Nini Kiungo cha Alumini Kilichounganishwa kwa Msuguano Kimevunjika

Uchomeleaji wa msuguano na kukoroga, uliobuniwa Uingereza mwaka 1991, hauyeyushi alumini, bali pini inayozunguka huilainisha kwa joto na kuikoroga hadi kingo mbili zishikane. Nawasihi mafundi wenzangu wanaotengeneza vyombo vya baharini hapa Mombasa wasibadilishe mipangilio ya mashine kabla ya kujua ufa umepita wapi.

Hatua ya kwanza: piga picha za mpasuko, kisha usuuze kwa maji matamu, kwani maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na yataendelea kuula. Usiupige msasa wala usivibananishe vipande.

Hatua ya pili: pima umbali kutoka katikati ya mshono hadi kwenye ufa. Katika aloi ya 6082-T6 (alumini yenye magnesi na silikoni, iliyokwisha kukomazwa kwa joto la tanuri), ufa ukiwa karibu na ukingo wa alama ya bega la kifaa (sehemu pana inayoizunguka pini na kugusa uso wa bamba) au nje yake kidogo, mara nyingi mshono wenyewe ni mzima. Kilichodhoofika ni bamba la kando, ambako joto limezikuza na kuzipunguza idadi chembe ndogo mno za magnesi na silikoni ambazo ndizo zinazolifanya liwe gumu. Kulirudisha bamba hilo katika tanuri la kukomazia (la joto la wastani linalozifanya chembe hizo zijitokeze) pekee hakurejeshi nguvu zilizopotea. Kukisogeza kifaa kwa kasi zaidi kwenye mshono hupunguza muda wa joto, lakini mimi hupendelea, mchoro ukiruhusu, kuunganisha aloi ikiwa katika hali ya T4, yaani kabla ya kukomazwa tanurini, na kuikomaza baadaye.

Hatua ya tatu: ikiwa ufa umepita ndani ya mshono, kata kipande, kisugue hadi king'ae, kisha, ili kasoro zionekane, kipake magadi makali (sodiamu hidroksidi) mahali penye hewa, ukiwa umevaa glavu na miwani. Tundu linalofuata urefu wa mshono, hasa upande ambao mzunguko wa kifaa unaelekea kule kifaa kinakosogea, linaonyesha kwamba joto au mgandamizo haukutosha. Mstari mwembamba uliopinda ni mabaki ya oksidi ya kingo ambazo hazikusafishwa vyema.

Hatua ya nne inahusu ufa ulioanzia chini, ambao ndio unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa pini fupi huacha kingo zikigusana bila kushikana, na picha ya eksirei inaweza isionyeshe chochote. Kunja kipande cha majaribio huku sehemu ya chini ya mshono ikiwa upande wa nje unaovutwa. Kikifunguka, linganisha urefu wa pini na unene halisi wa bamba uliopimwa kwa kalipa, wala usitegemee unene ulioandikwa kwenye stakabadhi.