Kupima msawazo wa Hardy-Weinberg hatua kwa hatua, kwa data ya selimundu ya Musoma

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa na orodha ndefu ya watu, kila mmoja na jenotaipu yake ya himoglobini (aleli zake mbili, yaani namna mbili za jeni alizorithi kwa wazazi), pamoja na swali kutoka kwa msimamizi wake: je, data iko kwenye msawazo wa Hardy-Weinberg, yaani idadi za jenotaipu ni zile zinazotarajiwa kutokana na mara za aleli peke yake? Hesabu yenyewe anaiweza yeyote aliyemaliza kidato cha nne. Kazi ipo katika kujua jibu likishatoka linasema nini, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Data yake ni yake, siigusi. Nitatumia ya Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye aleli moja ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria. Mwaka 1956 akatoa hesabu za wilaya ya Musoma, Tanganyika. Data hizo ni chache na ni za zamani, lakini ni za watu wa kwetu, na zina mikunjo ambayo mifano ya kutunga haina.

Hatua ya 1: Panga idadi za watu

Watoto wachanga, jumla 287: AA 189, AS 89, SS 9.

Watu wazima, jumla 654: AA 400, AS 249, SS 5.

A ni aleli ya kawaida ya jeni ya beta-globini iliyo kwenye kromosomu ya 11. S ni ile iliyobadilika herufi moja, GAG ikawa GTG, na kwa badiliko hilo protini ikapata valini mahali pa asidi ya glutamiki.

Weka idadi za watu, kamwe usiweke asilimia. Ukiingiza asilimia kwenye kai-mraba (kipimo cha kulinganisha idadi halisi na idadi tarajiwa), kompyuta inadhani umepima watu 100, na jibu lote linaharibika bila wewe kuona dalili yoyote.

Kabla hujaendelea, uliza maabara walitumia kipimo gani. Kile cha haraka cha kutazama chembe nyekundu zikijikunja kama mundu hakitofautishi AS na SS. Kwa kazi hii unahitaji elektroforesi ya himoglobini (kutenganisha aina zake kwa umeme), HPLC (mashine inayozitenganisha kwa kemikali), au kusoma DNA yenyewe. Uliza pia nani ameongezewa damu karibuni, kwa sababu mgonjwa wa SS mwenye damu ya mtu wa AA mwilini huonekana kama AS kwenye elektroforesi.

Kwa watoto wachanga kuna jambo jingine. Damu yao bado imejaa himoglobini F, ile ya tumboni. Jeni zake hazipotei baada ya kuzaliwa wala hazibadiliki herufi; zinazimwa polepole, na protini ya BCL11A ni mmoja wa wazimaji wakuu. Kwa hiyo mstari wa S au wa A kwa mtoto wa wiki mbili unaweza kuwa hafifu sana. Kama msomaji wa kipimo hana uzoefu na watoto, rudia kipimo mtoto akikua, au tumia DNA, ambayo haijali jeni imewashwa au imezimwa.

Hatua ya 2: Pata mara ya kila aleli

Kila mtu ana aleli mbili. Watoto 287 wana aleli 574. Aleli za S ni 89 kutoka kwa wenye AS, na 18 kutoka kwa wenye SS, jumla 107. Mara ya aleli ni sehemu yake ya aleli zote: ya S tunaiita q, ya A tunaiita p.

q = 107 ÷ 574 = 0.186

p = 1 − 0.186 = 0.814

Wako wanaochukua njia ya mkato: wanagawa wenye SS kwa jumla ya watu, kisha wanatafuta kipeuo cha pili. Usifanye hivyo hapa. Njia hiyo inachukulia kwamba msawazo upo, na wewe unataka kupima kama upo. Inafaa tu pale unapojua idadi ya wagonjwa peke yao na huna namna ya kuwatambua wabebaji (AS).

Hatua ya 3: Idadi tarajiwa

Mwaka 1908, Hardy kule Uingereza na Weinberg kule Ujerumani walionyesha, kila mmoja kivyake, kwamba watu wakioana bila kuchaguana kwa jeni hiyo, na pasipo uteuzi asilia (jenotaipu moja kuishi au kuzaa zaidi ya nyingine), uhamaji, mabadiliko mapya ya jeni wala bahati ya jamii ndogo, basi jenotaipu hukaa kwa p², 2pq na q². Zidisha kila moja kwa 287:

AA 189.97, AS 87.05, SS 9.97.

Linganisha na 189, 89 na 9. Karibu sawa.

Hatua ya 4: Kai-mraba, na kosa la digrii za uhuru

Kwa kila kundi: toa idadi tarajiwa kutoka idadi halisi, tafuta mraba wake, gawa kwa idadi tarajiwa. Jumlisha makundi yote matatu. Kwa watoto wa Musoma jumla ni 0.14.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua, kwa sababu kompyuta haitoi onyo. Makundi ni matatu, kwa hiyo wengi huandika digrii za uhuru (idadi ya namba zilizobaki huru kubadilika) 2. Jibu sahihi ni 1. Digrii moja huondoka kwa kuwa jumla ya watu imeshajulikana. Nyingine huondoka kwa kuwa q umeikadiria kutoka data hiyohiyo unayoipima. Tatu toa moja, toa moja.

Fomula ya CHISQ.TEST ya Excel haijui kama q uliikadiria. Ukiipa safu ya idadi halisi na safu ya idadi tarajiwa, itatumia digrii 2. Amri ya chisq.test ya R, programu ya takwimu, nayo, ukiipa idadi tatu na uwiano tatu, itafanya vilevile. Zote mbili zinafanya kilichoombwa. Aliyeomba ndiye aliyeomba kitu kingine.

Tofauti si ndogo. Chukua kai-mraba ya 4.5. Kwa digrii 1, uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu ni 0.034, na utaandika kwamba msawazo haupo. Kwa digrii 2 ni 0.105, na utaandika kwamba hakuna tatizo. Data ileile, hitimisho mbili zinazopingana. Mpaka wa asilimia 5 kwa digrii 1 ni 3.84, kwa digrii 2 ni 5.99. Ukiona tasnifu imetaja 5.99 kwa aleli mbili, rudia hesabu mwenyewe kabla ya kuinukuu.

Ninachofanya mimi: nakokotoa kai-mraba kwa mkono ndani ya Excel au LibreOffice Calc, kisha naandika =CHISQ.DIST.RT(0.14,1). Ile 1 ya mwisho naiandika kwa kidole changu, nikijua kwa nini. Kwa sababu hiyo hiyo siwapi wanaoanza programu maalumu siku ya kwanza.

Angalizo: kama idadi tarajiwa ya kundi lolote iko chini ya 5, achana na kai-mraba. Kwa q ya 0.05 na watu 200, wenye SS unaotarajia ni nusu mtu. Tumia kipimo kamili (kinachokokotoa uwezekano moja kwa moja, bila kai-mraba), kwa mfano HWExact iliyo kwenye kifurushi cha HardyWeinberg cha R.

Hatua ya 5: Tazama alama (chanya au hasi) kabla ya kutazama ukubwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Rudia hesabu kwa watu wazima. q ni 259 ÷ 1308, yaani 0.198. Idadi tarajiwa: AA 420.6, AS 207.7, SS 25.6. Kai-mraba ni 25.8, na uwezekano wa bahati tupu uko chini ya moja kwa milioni.

Sasa chukua mfano wa kufikirika. Watu 1000 wa mlimani ambako S haipo kabisa, na watu 1000 wa kando ya ziwa ambako q ni 0.2. Kila kijiji peke yake kiko kwenye msawazo kamili. Wachanganye kwenye jedwali moja: AA 1640, AS 320, SS 40. Idadi tarajiwa ni 1620, 360 na 20. Kai-mraba ni 24.7.

Namba mbili zinazokaribiana, 25.8 na 24.7. Ukiripoti hizo tu, zinaonekana ni habari moja. Tazama alama: watu wazima wa Musoma wana AS 41 zaidi ya matarajio, na SS 21 pungufu. Mchanganyiko wa mlima na ziwa una AS 40 pungufu, na SS 20 zaidi. Ni kinyume kabisa. Kuinua tofauti kwa mraba kumefuta mwelekeo.

Kwa hiyo daima weka safu ya "halisi toa tarajiwa" mbele ya macho, na uisome hivi.

AS wakiwa pungufu, shuku kwamba umechanganya jamii mbili, au kuna ndoa za ndugu, au maabara inakosa kuona aleli moja. Jambo la kuchanganya jamii si la kinadharia kwetu. Selimundu iko juu Pwani na kuzunguka Ziwa Victoria, na iko chini nyanda za juu zenye baridi ambako malaria ilikuwa haba. Hospitali ya rufaa inapokea watu wa pande zote hizo kwenye foleni moja.

AS wakiwa zaidi, shuku uteuzi asilia, au kosa la maabara la kuwaita SS walioongezewa damu kuwa AS.

Angalia pia umri. Nikiunganisha watoto na watu wazima wa Musoma, napata AA 589, AS 338, SS 14, na kai-mraba ya 20.2. Ningesema jamii ya Musoma imetoka kwenye msawazo, kumbe watoto wake wako sawasawa. Kilichotokea kimetokea kati ya kuzaliwa na utu uzima, na jedwali lililounganishwa limekificha.

Hatua ya 6: Usikimbilie kusema "ni malaria"

AS kuzidi kwa watu wazima peke yake hakuthibitishi kinga. Kama wenye SS wanakufa wakiwa wadogo na hakuna kingine kinachotokea, bado AS wataonekana wamezidi matarajio, kwa sababu p na q zinakokotolewa upya kutoka kwa waliobaki.

Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ni kuwaweka SS pembeni na kulinganisha AA kwa AS. Vifo vya SS peke yake haviwezi kugusa uwiano huo. Kwa watoto ni 189 kwa 89, yaani 2.12. Kwa watu wazima ni 400 kwa 249, yaani 1.61. AA wamepungua dhidi ya AS, jambo ambalo kinga dhidi ya malaria ingelitabiri.

Lakini pima na hilo. Jedwali la mbili kwa mbili la namba hizo nne linatoa kai-mraba ya 3.39, digrii 1, chini kidogo ya 3.84. Yaani mwelekeo upo, ila kwa sampuli hii pekee haujafika mpaka tuliouweka. Napenda wanafunzi waione namba hii, maana jedwali la Musoma hunukuliwa kana kwamba linamaliza mjadala. Imani yetu juu ya kinga ya AS imejengwa na ushahidi mwingi zaidi, zikiwemo tafiti za baadaye za Kilifi na za magharibi mwa Kenya zilizoonyesha kwamba watoto wenye AS hupata malaria kali mara chache sana kuliko wenye AA.

Kumbuka pia kwamba watoto hao na watu wazima hao si watu walewale waliofuatiliwa. Kama kuna watu waliohamia au kuhama, uwiano unaweza kubadilika bila mtu kufa.

Ukitaka kukadiria nguvu ya uteuzi, gawa uwiano wa kila jenotaipu kwa watu wazima kwa uwiano wake kwa watoto, kisha gawa zote kwa jibu la AS. Utapata AA 0.76, AS 1, SS 0.20. Ile 0.20 imesimama juu ya watoto tisa na watu wazima watano. Iandike pamoja na hizo idadi.

Hatua ya 7: Ukihamia kwenye data kubwa

Kwa maelfu ya alama za vinasaba (sehemu za DNA ambako watu hutofautiana) tumia programu ya PLINK, amri ya --hardy, ambayo kwa kawaida hutumia kipimo kamili. Miongozo mingi itakuambia uondoe alama zote zilizoshindwa kipimo hiki, kwa hoja kwamba ni makosa ya maabara. Kwa data za Afrika Mashariki usiondoe kwa upofu. Badiliko la selimundu lina jina, rs334, na kwa sampuli ya watu wazima kutoka eneo la malaria linaweza kushindwa kipimo kwa sababu za kweli kabisa. Chuja kwanza kwa kundi moja la umri na jamii moja, kisha chapisha orodha ya zilizoshindwa na utazame kama tofauti ni chanya au hasi kwa kila moja. Zenye upungufu wa watu wa aleli mbili tofauti (kama AS) zirudishe maabara kwa ukaguzi. Zenye watu hao zaidi ya matarajio, hasa zilizo kwenye jeni za chembe nyekundu, zibakize mpaka ujue kwa nini.